Je, Wajua? Kibao cha Narmer, Mifupa ya Nariokotome na Mikono ya Ukambani

Je, wajua kwamba picha mojawapo ya kale kabisa ya mfalme akiwapiga maadui zake ilichongwa juu ya kifaa cha kusagia wanja?

Kifaa hicho huitwa kibao cha Narmer. Ni bamba la jiwe la kijivu lililoingia ukijani kidogo, lenye umbo la ngao. Urefu wake ni kama sentimita 64, upana wake ni kama sentimita 42, na limechongwa pande zote mbili. Umri wake ni zaidi ya miaka 5,000. Upande mmoja mfalme Narmer amevaa taji jeupe la Misri ya Kusini, amemshika adui nywele na ameinua rungu. Upande wa pili amevaa taji jekundu la Misri ya Kaskazini, anatembea kuelekea mahali walipolazwa maadui kumi waliokatwa vichwa, na vichwa vyenyewe vimewekwa katikati ya miguu yao. Nyuma ya mfalme yuko mtumishi mdogo, miguu mitupu, amembebea bwana wake viatu. Mfalme mwenyewe naye yuko pekupeku. Nimewahi kuitazama picha ya mtumishi huyo kwa muda mrefu kuliko ya mfalme: mkono mmoja umeshika viatu, mwingine umeshika chombo kama birika, na mchongaji hakuona taabu kumchorea hata mshipi wake.

Katikati ya upande wa taji jekundu kuna wanyama wawili wa ajabu, mwili wa chui na shingo ndefu kama nyoka, waliosokotana shingo hadi zikafanya duara. Duara hilo lina bonde la kina kifupi, na hapo ndipo rangi ingesagiwa. Wamisri wa zamani hizo walisaga malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, au galena, jiwe jeusi lenye risasi, wakachanganya na mafuta na kujipaka machoni, wanaume na wanawake. Mwambao wetu unaijua kazi hiyo: bibi harusi wa Lamu au Unguja bado anapakwa wanja. Vibao vya kawaida vilikuwa vidogo, vingine vimechongwa kwa umbo la samaki aina ya perege, vingine kobe, vingine kiboko, na watu walizikwa navyo. Cha Narmer kilikuwa kikubwa mno kwa matumizi ya kila siku. Kiliwekwa wakfu hekaluni.

Kilifukuliwa na Waingereza wawili, James Quibell na Frederick Green, katika msimu wa uchimbaji wa 1897 na 1898, mahali ambapo Wagiriki walipaita Hierakonpolis, kusini mwa Misri. Kibao chenyewe kiko Cairo. Hata hivyo, mtu aliyeko Toronto, Kanada, anaweza kuingia Royal Ontario Museum akakiona kwa ukubwa wake kamili, na mikwaruzo yake yote, kwa sababu nakala yake iko pale. British Museum ya London nayo ina nakala ya plasta. Kwa hiyo watu wengi wanaosema wamekiona kibao cha Narmer wameona kazi ya fundi wa kalibu, na jina la fundi huyo mara nyingi halitajwi. Jambo hilo ndilo linalonishughulisha katika makala hii. Nakala ni kazi ya mikono. Ina fundi wake na ina ustadi wake, na watu wa Ukambani, yaani Kitui, Makueni na Machakos, wana mengi zaidi ya kudai katika habari hii kuliko wanavyoambiwa.

Jiwe moja, miji miwili

Je, wajua kwamba kuna mawe yaliyovunjika na kugawanywa kati ya nchi, na nakala ndizo pekee zinazoyakutanisha?

Kibao cha Wawindaji ni mfano mzuri. Vipande vyake viwili viko British Museum, kipande cha tatu kiko Louvre, Paris. Kinaonyesha wanaume wenye pinde, mikuki na marungu, wamechomeka manyoya kichwani na wamefunga mikia ya wanyama kiunoni, wakiwazingira simba, swala, mbuni na sungura. Simba mmoja amejaa mishale. Ukivitenganisha vipande hivyo, nusu ya windo inapotea. Kibao kingine, kinachoitwa cha Uwanja wa Vita, kimegawanyika kati ya British Museum na makumbusho ya Ashmolean ya Oxford. Hicho kina simba anayemla mtu aliyeanguka, na ndege wanaodonoa maiti.

Vipande hivyo halisi bado viko mbalimbali. Dawa iliyopatikana ni plasta: unachukua kalibu ya kipande cha mwenzako, unamimina nakala, unaiweka pembeni ya kipande chako halisi, na picha inakamilika. Mtazamaji makini ataona mpaka wake. Jiwe lina punje zinazometameta kidogo chini ya taa, na plasta imenyamaza, rangi moja tu.

Wanyama ambao mchungaji wa Mutha angewatambua

Nyuma ya kibao cha Uwanja wa Vita kuna wanyama wawili wenye shingo ndefu wanaokula majani ya mtende. Wataalamu wamebishana juu yao. Wako wanaosema ni twiga. Wako wanaosema ni swala twiga, yule swala mwembamba anayesimama kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ya juu ya mgunga na anayeweza kuishi bila kunywa maji kwa muda mrefu. Karibu nao yuko ndege anayefanana sana na kanga.

Sasa fikiria nani duniani anafaa kuulizwa. Swala twiga bado wako Tsavo Mashariki, mbuga inayopakana na kusini mwa Kitui. Mtu aliyechunga mbuzi upande wa Mutha au Ikutha, au aliyekulia Kibwezi na Mtito Andei kwenye ukingo wa Tsavo, amemwona mnyama huyo akisimama wima dhidi ya kichaka, na hahitaji kitabu kumtofautisha na twiga. Kanga amemla. Mchoro ambao profesa wa Ulaya anaukisia kwa kulinganisha picha, mchungaji huyo angeitazama nakala yake kwa dakika moja akasema neno lake. Sioni kwa nini asiulizwe.

Hali ni hiyo hiyo kwa mbwa mwitu. Kibao kilichoko Ashmolean, kilichopatikana Hierakonpolis pamoja na kile cha Narmer, kimezungushiwa mbwa wawili wakubwa wenye masikio ya mviringo. Wataalamu wengi wanawaona kuwa ni mbwa mwitu wale wale wa mabaka wanaowinda kwa kundi katika nyika za Tsavo. Chini kabisa, kwenye kona, kuna kiumbe mwenye kichwa cha mbweha akipuliza zumari. Hakuna aliyeeleza kwa uhakika anafanya nini pale. Louvre nayo ina kibao ambacho upande mmoja una twiga wawili wamesimama huku na huku ya mtende.

Je, twiga na mbwa mwitu walifikaje Misri? Hawakuletwa. Miaka 6,000 au 7,000 iliyopita Sahara ilikuwa na mvua, nyasi na maziwa. Mvua zikarudi nyuma, wanyama wakaenda kusini, na wachongaji wa vibao ni miongoni mwa watu wa mwisho kuwaona wanyama hao katika ardhi ya Misri. Wakatoweka huko, wakabaki kwetu.

Nakala ya plasta inatengenezwaje?

Zamani, kwa mchoro wa jiwe uliochongwa kina kifupi, watu walitumia karatasi. Karatasi nene ilirowekwa, ikabandikwa juu ya jiwe, ikapigwapigwa kwa brashi hadi iingie kila ufa, ikaachwa ikauke. Ikibanduliwa inabaki na umbo la mchoro wote, kinyume. Ni nyepesi, inakunjwa na kusafirishwa. Ubaya wake ni kwamba jiwe lenye rangi ya kale liliweza kupoteza rangi yake kwenye karatasi hiyo, na ndiyo sababu njia hiyo haitumiki tena ovyo.

Fundi wa leo anatumia mpira wa silikoni. Kwanza kitu halisi hupakwa kitu cha kuzuia kugandana. Kisha mpira hupakwa kwa tabaka, tabaka la kwanza jembamba sana, kwa brashi, taratibu, kwa kuwa kiputo kimoja cha hewa kikibaki hapo kitakuwa chunusi kwenye kila nakala itakayotoka. Juu ya mpira huwekwa ganda gumu la kuushikilia usipinde. Vikikauka vinafunguliwa, kitu halisi kinatoka salama, na ndani ya kalibu humiminwa plasta au utomvu mgumu wa viwandani. Kazi ya mwisho ni rangi. Hapo ndipo fundi hodari anapojulikana, kwa sababu mfupa wa miaka milioni una rangi nyingi juu ya mwingine: kahawia, kijivu, madoa meusi ya madini, na weupe pale ulipovunjika juzi.

Ulaya ya karne ya 19 ilizipenda nakala hadi ikazifanyia mkataba. Mwaka 1867, wakati wa maonyesho makubwa ya Paris, wana 15 wa familia za kifalme za Ulaya walitia sahihi makubaliano ya kubadilishana nakala za kazi za sanaa ili kila nchi iwe nazo. Baadaye mitindo ikageuka. Nakala zikaonekana takataka, na makumbusho mengi yakazivunja au yakazitupa ghalani. Walijuta. Nakala za plasta zilizotolewa kwenye hekalu la Parthenon huko Athens mwaka 1802 zina sura na mikunjo ya nguo ambayo kwenye mawe yenyewe imeliwa na hewa chafu na mvua. Kwa sehemu hizo, nakala ndiyo shahidi aliyebaki.

Mtoto wa Makueni aliyejaza makumbusho ya dunia

Je, wajua kwamba nakala mojawapo inayotazamwa zaidi katika makumbusho ya historia ya binadamu duniani ni ya mifupa iliyogunduliwa na mtu wa Makueni?

Kamoya Kimeu alizaliwa mwaka 1938 katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Makueni. Alisoma miaka michache ya shule ya msingi, akachunga mifugo. Mwaka 1960 alikwenda kufanya kazi ya kuchimba kwa Louis na Mary Leakey huko Olduvai, Tanganyika. Wakati huo kugusa mifupa ya wafu lilikuwa jambo la kuogopwa sana Ukambani, na kazi ya kulipwa ili utafute mifupa haikuwa rahisi kuieleza nyumbani. Kamoya aliikubali na akaifanya kwa jicho ambalo wenzake wote, wasomi kwa wasio wasomi, walilikubali. Mwaka 1964 alipata taya la chini la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu karibu na Ziwa Natron, huko Peninj. Mwaka 1967 alikuwa kwenye kazi ya bonde la Omo, Ethiopia, iliyotoa mabaki ya baadhi ya watu wa kale kabisa wa aina yetu. Mwaka 1973, huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, alipata fuvu linalojulikana kwa namba 1813. Aliongoza kundi la watafutaji ambao wengi wao walikuwa Wakamba, watu waliotembea juani kwa mistari, macho chini, wakitofautisha kipande cha mfupa na kokoto milioni moja zinazofanana nacho.

Agosti 1984 kundi lilikuwa limepiga kambi Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ilikuwa siku ya mapumziko. Wengine wakilala na kufua nguo, Kamoya alitoka akatembea ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu wa kaskazini. Kwenye mteremko uliojaa kokoto nyeusi za volkano aliona kipande cha fuvu kisichozidi ukubwa wa kiberiti cha karatasi, rangi yake karibu sawa na mawe yaliyokizunguka. Mtu mwingine angekikanyaga. Yeye aliinama.

Uchimbaji uliofuata ulitoa karibu kiunzi kizima cha mvulana aliyekufa kiasi cha miaka milioni 1.5 iliyopita. Katika daftari la Makumbusho ya Taifa ya Kenya ni KNM-WT 15000. Dunia inamwita Kijana wa Turkana. Hadi leo hakuna kiunzi cha binadamu wa kale wa zama hizo kilichokamilika kiasi chake. Kinachokosekana zaidi ni mikono na nyayo, na hapa kuna jambo la kujua unapokitazama kiunzi hicho kimesimamishwa katika jumba lolote: vidole unavyoviona kwa sehemu kubwa ni vya kuchongwa na fundi, kwa kukadiria, maana vingi vya kweli havikupatikana.

American Museum of Natural History ya New York ina nakala yake. Makumbusho ya Smithsonian ya Washington yanayo pia. Watoto wa shule wa nchi nyingi wamesimama mbele yake. Mwaka 1985 Rais Ronald Reagan alimkabidhi Kamoya medali ya La Gorce ya National Geographic Society, Ikulu ya Marekani. Jina lake liko pia kwenye sayansi yenyewe: jamii ya nyani wa kale inaitwa Kamoyapithecus. Alifariki Julai 2022. Mwaka mmoja kabla, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari.

Nasema wazi: mvulana wa Makueni anayesoma habari za Narmer na mafarao katika kitabu cha shule anapaswa kusoma habari za Kamoya kwenye ukurasa huo huo.

Kwa nini mfupa wenyewe hausafiri?

Kwa sababu ukivunjika, umevunjika. Hakuna mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wa mambo ya binadamu wa kale kutoka nchi mbalimbali walikubaliana kwamba mifupa halisi isitolewe katika nchi ilimopatikana ila kwa sababu nzito za kisayansi, na kwamba maonyesho yatumie nakala. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yana idara yake ya kutengeneza nakala. Mafundi wake wamekuwa wakimimina nakala za mafuvu na mifupa ya Turkana na Koobi Fora na kuziuza kwa makumbusho na vyuo vikuu vya ng'ambo. Profesa wa anatomia anayeshika fuvu la Koobi Fora lenye namba 1470 mbele ya wanafunzi wake Ulaya, mara nyingi ameshika kazi ya fundi wa Nairobi.

Kuna uzuri mwingine wa nakala ambao wageni wa makumbusho hawaufikirii. Inaruhusiwa kushikwa. Mtu asiyeona anaweza kuipapasa. Mtoto anaweza kuigeuza aone ndani ya fuvu mahali ubongo ulipokuwa. Wachunguzi nao huilinganisha na nyingine mezani bila hofu, ingawa kwa vipimo vidogo sana hulazimika kurudi kwenye kitu halisi, kwa kuwa utomvu husinyaa kidogo unapokauka.

Wachongaji na nakala zao

Ukitoka Machakos kwenda Kitui unapita Wamunyu. Huko ndiko alikotoka Mutisya Munge, mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi wa biashara ya vinyago vya Wakamba. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa na jeshi la Waingereza hadi nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, akakutana na wachongaji wa Kizaramo karibu na Dar es Salaam. Alikuwa fundi wa mbao tangu nyumbani. Alitazama, akajifunza, na vita vilipoisha akarudi Wamunyu na ufundi huo. Kutoka kwake ukaenea kwa ndugu na majirani, ukavuka hadi Kitui na Makueni, ukafika Nairobi na Mombasa, na miaka ya 1960 vikaundwa vyama vya ushirika vya wachongaji, pamoja na kile kikubwa cha Changamwe.

Lakini Wakamba hawakuanza kuchonga mwaka 1918. Kiti cha mzee wa Kikamba, kile cha miguu mitatu, ni kazi ya zamani, na ukipata nafasi ya kukiona katika makumbusho kiinamie karibu. Kimechongwa kutoka gogo moja, kiti na miguu, bila kiungo wala msumari. Sehemu ya kukalia imebonyea kidogo. Juu yake kuna duara na mizunguko inayong'aa: ni waya mwembamba wa shaba, umesokotwa kama mkufu, ukapigwapigwa kuingia ndani ya mti hadi ukalingana na uso wake, kiasi kwamba ukipitisha kidole huhisi mpaka. Wakamba walisifika karne ya 19 kwa mikufu ya waya, na kiti hicho kinaunganisha fani mbili. Msweden Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912 na kuandika kitabu kikubwa juu ya Wakamba, alirekodi mengi ya ufundi wa aina hiyo kabla biashara ya watalii haijaja.

Mchongaji wa vinyago hatumii kalibu. Nakala yake inapita machoni na mkononi. Anaweka mfano mmoja mbele, wa kifaru au swala, na gogo lingine kati ya nyayo zake, kisha tezo inaanza. Vipigo vya kwanza huondoa kila kisichohitajika na kuacha umbo la jumla. Tezo ndogo hufuata, kisha kisu, patasi pale penye shimo, na mwisho msasa, mkali kwanza, mlaini baadaye. Akifika wa kumi hatazami tena mfano. Swala mia wanaotoka hivyo si sawasawa hata wawili, na kwa sababu hiyo naona ni makosa kusema Wakamba "wananakili tu". Waliochonga vibao vya Misri nao walirudia mifano: yule mfalme mwenye rungu lililoinuliwa alirudiwa na wachongaji wa Misri kwenye mahekalu kwa karibu miaka 3,000 baada ya Narmer, na hakuna anayewaita wanakili.

Je, wajua namna ya kuutambua mpingo wa kweli? Kiini cha mpingo ni cheusi, ukingo wake wa nje ni wa manjano hafifu, na ni mzito hadi unazama majini. Kinyago cheusi chepesi huenda kimepakwa rangi ya viatu. Lowesha kidole, sugua chini ya msingi ambapo hapakupigwa msasa vizuri, utazame kidole. Na kama kinyago kilipasuka mara tu kilipofika Ulaya, si lazima kiwe kibaya: mti haukukauka vya kutosha, na nyumba zenye joto la mashine wakati wa baridi huukausha kwa ghafla.

Mpingo na muhugu hukua polepole sana, na biashara iliikata miti hiyo haraka kuliko inavyoweza kujirudisha. Kuanzia miaka ya 1990 wachongaji walihimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti ya haraka inayopandwa uani. Mwarobaini unachongeka vizuri ukiukausha kwa subira.

Makabati matupu ya Nairobi

Mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa Nairobi yalifungua maonyesho ambayo baadhi ya makabati yake ya kioo yalikuwa hayana kitu. Yalitokana na mradi wa pamoja kati ya makumbusho hayo, wasanii wa Kenya na Ujerumani, na makumbusho mawili ya Ujerumani, ya Cologne na ya Frankfurt. Mradi huo uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyoko katika taasisi 30 za nchi za nje. Wangeweza kuweka nakala. Walichagua kuacha nafasi wazi, watu waione.

Nimefikiria sana juu ya uamuzi huo na naukubali kwa mahali pale. Kwingineko nisingeukubali. Kabati tupu linasema na waliochukua. Msichana wa Mwingi ambaye hajawahi kuona kazi ya waya ya mababu zake halimfundishi kusokota waya. Yeye anahitaji kitu mkononi, hata kama ni nakala, ili aone waya uliingizwaje, ulianzia wapi na uliishia wapi. Kudai vitu virudi na kutengeneza nakala zake ni kazi mbili zinazoweza kwenda pamoja, mradi nakala isije ikatolewa kama fidia na mtu akaambiwa sasa nyamaza, tayari umepata.

Kutambua nakala ndani ya makumbusho

Soma kibandiko kwanza. Makumbusho yanayojiheshimu huandika. Halafu tafuta mshono mwembamba pembeni, mahali vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Tafuta vitundu vidogo vya hewa. Tazama ukingo uliovunjika: kwa jiwe halisi ndani huonekana punje, kwa plasta iliyobanduka rangi huonekana weupe mtupu. Usigonge.

Faili badala ya kalibu

Je, wajua kwamba leo nakala ya fuvu la Turkana inaweza kutolewa bila mtu kuligusa? Fuvu hupigwa picha nyingi kutoka kila upande au hupimwa kwa mwanga, kompyuta ikaunganisha, na umbo likawa faili. Makumbusho ya Taifa na taasisi ya utafiti ya Bonde la Turkana, kwa juhudi za Louise Leakey, yameweka mafuvu na zana za mawe kadhaa kwenye tovuti iitwayo African Fossils. Mtu yeyote anaweza kuvizungusha kwenye kioo cha simu, na mengine anaweza kuyapakua bure na kuyachapisha kwa mashine inayotoa umbo la plastiki, tabaka juu ya tabaka. Mashine za namna hiyo si kitu cha ajabu tena katika vyuo vya Kenya.

Mwalimu wa mji wa Wote au wa Mutomo mwenye mtandao mzuri anaweza kuanza wiki hii. Fuvu lililopunguzwa hadi nusu ya ukubwa wake linachapishwa kwa saa kadhaa. Plastiki ikitoka huwa ya rangi moja na mistari mistari. Inahitaji msasa, kisha rangi: kahawia ya udongo kwanza, nyeusi iliyozimuliwa kwenye nyufa, na kitambaa chenye unyevu kuondoa iliyozidi. Kwa kazi hiyo ya mwisho asihangaike kutafuta mtaalamu mbali. Amwite mchongaji.